Mikono ya Kemunto

Walimzika Mwalimu Rael siku ya Ijumaa, na mimi nikasimama mbele ya mahema matatu yaliyojaa watu, nikasema uongo kwa kipaza sauti. Nilisema alikuwa mama yangu wa pili. Nilisema alinichukua nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa nisiyejua chochote, akanifundisha kulea mche mpaka ukatoa ua, na kwamba yote niliyowafundisha wakulima wa Kabianga miaka hii yote yalianzia nyumbani kwake. Watu waliitikia amina. Binti yake aliyekuja kutoka ng'ambo alinikumbatia akilia, na nilipoinua macho juu ya bega lake nikamwona mwanamke amesimama kwenye kona ya hema la mwisho, amevaa sweta ya kijani, hana sahani ya chakula mkononi kama wengine. Alikuwa amenenepa, na nywele zilizochungulia chini ya kitambaa zilikuwa na mvi, lakini namna ile ya kusimama, mguu mmoja ukipumzika juu ya mwenzake, sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Alikuwa Kemunto. Alinitazama kwa muda, hakutabasamu wala hakukunja uso, kisha akageuka akateremka barabarani. Nilipomaliza kupeana mikono na wachungaji na wajomba, nilikuta ameshakwenda.

Tangu siku hiyo nina hasira, na wala sitaki ipoe. Namkasirikia marehemu, jambo ambalo watu wetu hawapendi kulisikia udongo ukiwa bado mbichi. Nawakasirikia wale akina mama waliokaa viti vya mbele na leso zao. Zaidi ya wote najikasirikia mimi, kwa sababu uongo ule wa kwenye mazishi haukuwa wa kwanza. Nilikuwa nimeusema kabla, nikiwa kijana, kwa maneno matatu tu, na maneno hayo matatu ndiyo yaliyonilisha na kunivisha hadi leo.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa juu kidogo ya Silibwet, nyumba ya mawe, na chai iliyoizunguka ilikuja mpaka karibu na ukuta wa jikoni. Alikuwa amestaafu, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina bila kuweka Mwalimu mbele. Katika chumba cha wageni alikuwa ametoa kitanda na kupiga rafu za mbao kutoka sakafuni mpaka dari, na juu ya rafu kulikuwa na visanduku vya kuoteshea mbegu za maua, kila kimoja kimefunikwa nailoni iliyobanwa kwa vibanio vya nguo. Dirisha lilikuwa moja. Lilifungwa mchana na usiku, na juu yake alikuwa ametundika blanketi kuukuu la kijivu, maana aliamini kwamba baridi ya huku kwetu ndiyo adui wa mbegu. Ukifungua mlango, harufu ilikupiga usoni: mbolea ya ng'ombe, mbao zilizolowa, na kitu kingine kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni siku nne. Nimeingia vyumba vingi vya miche tangu wakati huo, na mpaka leo nikinusa harufu ile najua kabla ya kuinua nailoni nitakachokuta chini yake.

Tuliajiriwa juma moja, mimi na Kemunto, tukalala chumba kimoja kidogo kilichopakana na jikoni. Wazazi wake walikuwa wametoka Kisii zamani kuchuma chai katika shamba moja kubwa upande wa Kericho, na yeye alizaliwa hukohuko kwenye nyumba za wafanyakazi. Alisikia Kipsigis, lugha yetu, kama mimi ninavyokisikia, ila hakupenda kukizungumza mbele ya watu asiowajua. Jioni tulipika pamoja. Tuligombana sana juu ya mgagani, mboga ile ile moja ambayo mimi niliiita isagek na yeye akaiita chinsaga. Mimi nilitaka niilaze kwenye maziwa mpaka uchungu uishe. "Sasa unakula nini?" aliniuliza. "Si ukunywe maziwa tu uache mboga ya watu?" Tulimaliza kwa kugawa sufuria, upande wangu mweupe, wake wa kijani, ugali katikati. Nilikuwa sijawahi kuwa na rafiki niliyecheka naye mpaka nikalazimika kushika ukuta.

Mwaka ule kanisa letu lilikuwa linamaliza jengo jipya, na Mwalimu alikuwa ameahidi mbele ya watu wote kwamba siku ya ufunguzi, mwezi wa kumi na mbili, njia yote kutoka langoni mpaka mlangoni itakuwa na maua pande zote mbili. Binti yake alimtumia mbegu kutoka ng'ambo, pakiti ndogo zenye picha: petunia, salvia, begonia. Alituonyesha moja moja bila kutuachia tuzishike. Mbegu za petunia ni ndogo kuliko chembe za ugoro. Ukipiga chafya umepoteza bustani nzima. Mwalimu alizimwaga kwa vidole kama mtu anayetia chumvi, zikarundikana, akazifunika kwa udongo uliojaa samadi, akafunga nailoni, na kutuagiza tumwagilie juu kwa mkebe asubuhi na jioni.

Zilichipuka. Kwa siku tatu tulikuwa na furaha. Kisha asubuhi moja nikaona juu ya udongo kitu cheupe kama utando wa buibui, kimetambaa kutoka kona moja ya kisanduku. Nje ya dirisha kulikuwa na ukungu umelala juu ya chai, na hapa ndani, chini ya blanketi na nailoni, tulikuwa na ukungu wetu.

"Madam," nikasema, "hii kitu nyeupe ni nini?"

Mwalimu aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. "Hiyo ni joto. Inaonyesha mbegu inapumua. Ongeza maji."

Tukaongeza maji. Siku ya nne baada ya hapo miche ilikuwa imelala yote. Haikunyauka majani. Ilikatika shingoni, pale inapotokea kwenye udongo, shina limekuwa jembamba na jeusi kama uzi uliochomwa na moto. Kemunto aliuchukua mmoja akauweka kwenye kiganja. "Madam," akasema kwa adabu, akiangalia chini, "pale kwa kitalu ya chai baba anasema maji ikikaa juu ya udongo, mche unaoza mguu. Na hawaweki mbolea kwa udongo ya miche. Wanachimba ile nyekundu ya chini. Kama tungetoa nailoni, tufungue dirisha kidogo—"

"Baba yako ni mwalimu wa nini?" aliuliza Mwalimu.

Kemunto akaurudisha ule mche kisandukuni. Mimi nikainama kuangalia sakafu. Swali lile bado linanichemsha. Lilijibiwa na rafu nzima ya miche iliyokufa, na mwenye kuuliza hakutaka kuiangalia. Alipanda tena, vile vile, katika visanduku vile vile ambavyo havikuoshwa, na mara ya pili ukungu ulikuja mapema zaidi. Ilikuwa Julai. Mvua ilinyesha kila alasiri, nguo hazikukauka, na pakiti za mbegu zilikuwa zimebaki nusu.

Siku ya Alhamisi akina mama wa kanisa walikuja kusali sebuleni. Nilikuwa nyuma ya mlango na chupa ya chai, Kemunto nyuma yangu na sinia ya vikombe, tukingoja waseme amina. Baada ya amina hawakutuita. Nikasikia Mama Selina, aliyekuwa mwenyekiti wao, akiuliza kwa Kipsigis, "Mwalimu Rael, kwani nani anagusa hizo mbegu zako?"

"Wasichana wangu wawili."

"Huyu wetu na yule wa kule?"

"Hao."

"Basi unatafuta nini tena? Kuna watu mikono yao haipatani na kitu cha kuota. Muulize huyo wa kule kama hata kuku wake huangua." Wakacheka. Mwingine akasema, "Watu wa huko tunawajua," na mwingine akasema afadhali mtoto apelekwe aombewe, na sauti ya Mwalimu, sauti ile iliyofundisha sayansi ya nyumbani miaka ishirini na kitu, haikusema hapana. Ilisema, "Hata mimi nimekuwa nikijiuliza."

Nilipogeuka, Kemunto alikuwa ananiangalia mdomoni, kama anayengoja kuona kama utafunguka. Kisha akapita mbele yangu, akasukuma mlango kwa goti, akawasalimu akina mama wote kwa Kipsigis safi, mmoja baada ya mwingine, na kumpa kila mmoja kikombe. Walinywa. Sijui ilipita vipi kooni mwao.

Kesho yake Mwalimu alitwambia, bila kutoa sababu, kwamba Kemunto atafua na kuosha vyombo, na chumba cha mbegu kitakuwa cha Chelangat, yaani mimi, peke yake. Kikombe cha Kemunto kikahamishwa kutoka kabatini, kikawekwa dirishani jikoni, peke yake. Nilikiona pale kila siku kwa wiki nyingi. Ningeweza kukirudisha kabatini. Ni jambo la kunyoosha mkono tu.

Kemunto hakulia. Alikasirika kwa namna yake, ambayo ilikuwa ni kufanya kazi. "Kuna petunia imebaki chini ya ile pakiti," akaniambia. "Niletee. Kidogo tu, ya kuonja." Nyuma ya jikoni kulikuwa na stoo ya kuni yenye dirisha lisilo na kioo, wavu tu na gunia la kuuziba usiku, na ukuta wake mmoja ulipata joto la jiko. Akachimba udongo mwekundu wa chini kabisa ya shimo jipya la taka, ambao haujawahi kuguswa na samadi, akauchanganya na mchanga wa mto, akautandaza juu ya kipande cha bati na kuukaanga juu ya moto mpaka ukatoa mvuke na kukauka. Mikebe ya mafuta ya kupikia aliitoboa matundu chini, akaichemsha kama mtu anayechemsha chupa za mtoto. Mbegu alizichanganya na mchanga mkavu ili zisiangukie mahali pamoja. Hakumwaga maji juu hata mara moja. Aliiweka mikebe ndani ya karai lenye maji kidogo, akangoja udongo unywe kutoka chini mpaka uso wake ugeuke rangi, kisha akaitoa ichuruzike. Alifunika kwa nailoni, lakini siku alipoona ncha za kwanza za kijani, akaitoa akaitupa.

"Zitakufa na baridi," nikasema.

"Baridi itachelewesha. Maji ndiyo inaua." Akabonyeza udongo kwa kidole. "Ngoja juu ikauke kwanza. Ukiona haja ya kumwagilia, ngoja tena hadi kesho. Na asubuhi usifungue dirisha na ukungu, fungua ikishapanda, saa nne hivi." Mche mmoja ulipolegea aliuchota kwa kijiko, pamoja na udongo wa pembeni yake, akautia motoni. Ilikuwa hivyo tu. Nimesoma vitabu baadaye, nimekaa kwenye semina, nimeona picha za ukungu huo chini ya darubini, na sijakuta neno moja la kumwongezea msichana yule aliyechuchumaa kwenye stoo ya kuni.

Mwanzoni mwa Septemba mikebe tisa ilikuwa imejaa miche mifupi, minene, ya kijani kibichi. Visanduku vya Mwalimu vilikuwa vimekufa mara ya tatu. Asubuhi moja aliingia stoo mwenyewe kutafuta kuni kavu. Tulisikia kuni zikiacha kugongana. Akatokeza mlangoni na mkebe mmoja mikononi, ameushika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

"Nani amepanda hizi?"

Kemunto alikuwa kwenye karo la vyombo, hatua tatu kutoka kwangu, mikono ndani ya maji. Alianza kuifuta kwenye aproni. Nikasema, "Ni mimi, Madam."

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilitaka kuiokoa miche. Kwamba kama ningemtaja Kemunto, Mwalimu angeimwaga yote jaani. Huenda angeimwaga. Lakini nilijibu haraka mno. Mtu anayetunga hila ya kumsaidia mwenzake hufikiri kwanza, humtupia jicho. Mimi sikufikiri wala sikumwangalia. Nilimwona Mwalimu akiushika mkebe ule kwa mikono miwili, nikatamani anishike hivyo.

"Nilijua," akasema Mwalimu. Macho yake yalikuwa na machozi. "Nilijua haikuwa mbegu. Tangu nimtoe yule kwa chumba, ona sasa!" Alisema "yule" na yule yuko pale, maji yakidondoka kutoka vidoleni mwake. Miche aliyoiotesha Kemunto ndiyo iliyokuwa ushahidi dhidi ya Kemunto, na shahidi nilikuwa mimi. Ilinitosha kufungua mdomo mara moja. Sikuufungua Alhamisi Mwalimu alipowasimulia akina mama na Mama Selina akapiga makofi. Sikuufungua Jumamosi Kemunto alipoambiwa afunge vitu vyake.

Nilimsaidia kubeba mfuko mpaka barabarani. Nilijisikia vibaya, nikataka anisamehe kabla hata ya kuomba, kwa hiyo nikamuuliza kitu cha kijinga: kwa nini yeye mwenyewe hakusema.

"Mimi nikisema, ni uongo wa kujitetea," akasema. "Wewe ukisema, wanasikia. Ulijua hivyo, Chelangat." Kisha akanipa maagizo ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayemwachia jirani ng'ombe: nisihamishe miche kabla haijatoa majani manne ya kweli, niizoeshe nje kidogo kidogo, na nisiguse shina, nishike jani. Akachukua mfuko wake akaenda.

Wiki iliyofuata niliingia chumba cha mbegu nikaling'oa lile blanketi. Nikafungua dirisha. Nikatupa samadi, nikachemsha maji nikaosha visanduku, nikakaanga udongo, nikapanda mbegu zilizobaki. Mwalimu alisimama mlangoni akitikisa kichwa kwa kukubali. Maneno aliyoyakataa kwa Kemunto nilimrudishia moja moja, dirisha, udongo mwekundu, maji ya chini, naye akayapokea yote, akayaandika kwenye daftari lake. Mwezi wa kumi na mbili njia ya kanisa ilikuwa zambarau na nyekundu kutoka langoni mpaka mlangoni. Mama Selina alinishika mikono yote miwili, akaiinua juu mbele ya kusanyiko, akasema Mungu amebariki mikono hii. Watu wakashangilia. Mwaka uliofuata Mwalimu alinipeleka chuo cha kilimo.

Ndiyo hivyo. Baada ya mazishi niliulizia Silibwet, nikaulizia Kericho, mpaka mfanyabiashara mmoja wa mbolea, Baba Njeri, akaniambia kuna mama Mkisii anauza miche Merigi, miche mizuri, haifi. Nilimkuta siku ya soko, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya kabichi na petunia. Alinipa kigoda. Akaniambia, nilipomuuliza, kwamba habari ile ilimfuata mpaka nyumba za wafanyakazi shambani. Mama mmoja aliyekuwa jirani yao tangu utotoni alimkataza kumshika mtoto wake. Alihama. Aliolewa mbali, akafiwa, akarudi na watoto wake, akaanza na mikebe kumi. Alisimulia huku akiwahudumia wateja, na hakunirahisishia kitu.

"Kemunto," nikasema, "nimekuja kukwambia ukweli. Ile siku kwa stoo, mimi ndiye—"

Aliinua kiganja kunizuia. "Usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Jumapili nilikwenda kanisani. Wakati wa matangazo, mzee wa kanisa aliuliza kama kuna mwenye neno, nikasimama. Sikuwa nimeandika chochote. Nilisema jina lake, Kemunto, na nikasema alichimba wapi udongo, na maji aliyaweka vipi, na ni nani aliyeyaotesha maua ya ufunguzi wa kanisa hili. Nikasema ni nani aliyemfukuza na kwa maneno gani, na nikasema nilikuwa nyuma ya mlango, nikiwa na chupa ya chai, nikasikia. Binti ya marehemu aliinamisha kichwa. Mchungaji alianza kufungua Biblia bila kutafuta ukurasa wowote. Katika safu ya mbele Mama Selina, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na ambaye watu wote humwita Kogo, yaani bibi, aligeuka pole pole.

"Mtoto," akasema kwa upole, "hayo ni ya zamani. Mwenyewe amelala. Keti."

Nina miaka hamsini na sita. Nilikuwa bado sijafika kwenye kikombe kilichowekwa dirishani.

Sikuketi.